Ndoa Si Marathoni

Mwezi Machi mwaka huu, katika ofisi ya kata moja wilayani Karatu, mzee wa baraza la usuluhishi alimwambia mama yangu mkubwa kwamba ndoa ni marathoni. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa dawa. Akamkumbusha habari za John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu aliyeanguka Mexico mwaka 1968, goti likateguka, akafungwa bandeji, akachechemea hadi uwanjani wakati watu wengi wameshaondoka. Akasema Akhwari hakutumwa na nchi yake kwenda kuanza mbio, alitumwa kuzimaliza. Kisha akamkazia macho mama mkubwa: "Na wewe mama, siku ile kanisani hukwenda kuanza tu."

Watu waliokaa kwenye benchi waliguna kwa kuridhika. Baba mkubwa, aliyekuwa mlalamikiwa, alikuja amevaa trakisuti ya timu ya taifa aliyopewa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ya kijani, imepauka mabegani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikaa nyuma yao na daftari mapajani, kwa sababu mama mkubwa aliniomba niende naye, "angalau tuwe na mtu aliyesoma." Sikufungua mdomo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku ile siri ya mtungi ilipelekwa mpaka kata, na kata haikutaka kuijua.

Nimekaa na hasira ya siku ile hadi leo. Najua mzee yule hakuwa na nia mbaya. Alisema tu kile ambacho sisi sote tumekuwa tukikisema, shuleni, makanisani, kwenye hotuba za wageni rasmi na siku hizi kwenye fulana za mbio za Jumamosi. Tumemchukua mtu aliyeumia goti jioni moja tukamfanya fundisho la kila mwenye maumivu. Nakataa. Nakataa kwa niaba ya mama mkubwa, na ukinivumilia kidogo utaona kwamba nakataa kwa niaba ya baba mkubwa pia.

Tuanze na marathoni yenyewe, maana mzee aliitaja bila kuijua. Tarehe 20 Oktoba 1968 walianza wakimbiaji 75, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Walimaliza 57. Akhwari alikuwa wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda kwa 2:20:26. Hayo yote tumesimuliwa. Hatusimuliwi habari za wale 18 ambao hawakumaliza. Mmoja wao aliitwa Abebe Bikila. Huyo alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, na hakuna Mwafrika aliyekuwa mkubwa kuliko yeye katika mbio hizo. Alifika Mexico akiwa na jeraha la mguu. Kwenye kilomita ya 17 hivi akatoka barabarani, basi. Hakuna aliyemwita mwoga. Mwenzake Wolde aliendelea, dhahabu ikaenda Ethiopia vilevile, na heshima ya Bikila haikupungua hata kidogo.

Kujitoa ni sehemu ya marathoni. Muulize mkimbiaji yeyote wa Karatu aliyewahi kula kwa miguu yake. Atakwambia kuna siku mwili unakataa, na mwenye akili anatoka kwenye kilomita ya 25 ili awe na mguu wa kukimbilia mwezi ujao. Mjinga ndiye anayemaliza kila mbio, na miaka miwili baadaye hana mguu.

Na Akhwari mwenyewe, ambaye jina lake tunalitumia kama fimbo? Miaka miwili baada ya Mexico alikwenda Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, akawa wa tano kwa 2:15:05. Muda huo ni pungufu ya ule wa Mexico kwa saa moja na dakika kumi. Yule ndiye Akhwari: mkimbiaji hodari, bingwa wa marathoni wa Afrika, aliyechechemea siku moja kisha akapona akakimbia. Nimesoma shule ya msingi na sekondari humu humu Karatu, na nilifika chuo kikuu kabla sijasikia neno Edinburgh likitajwa sambamba na jina lake. Tuliletewa Akhwari wa bandeji peke yake. Mtu mwenye maumivu anayeendelea bila kuuliza kitu anawafaa watawala na waume, na anawafaa pia vijana kama mimi waliosomeshwa na maumivu ya watu wengine.

Marathoni ina kilomita 42 na mita 195. Njiani kuna meza za maji. Kuna gari la wagonjwa nyuma. Kila kilomita ina kibao chake, na anayekimbia anajua zimebaki ngapi. Mama mkubwa aliolewa mwaka 1994. Naomba mzee wa baraza anioneshe kibao.

*

Baba mkubwa hukumsikia redioni. Hakuwahi kufika Olimpiki. Alikuwa katika lile kundi kubwa la wakimbiaji wa Mbulu, Karatu, Hanang na Babati ambao majina yao yako kwenye karatasi za matokeo za miji ya Ulaya na hayako mahali pengine popote: nusu marathoni Italia, kilomita kumi Ujerumani, wa nne, wa sita, wa tatu, wa tisa. Alikimbia tangu mwaka 1993 hadi 2010. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi alifikiri muda mrefu, kisha akasema: "Andika. Ila usiandike muda wangu bora, siku hizi watoto wa hapa wanaukimbia mazoezini." Basi siuandiki. Mama mkubwa yeye alisema neno moja tu, "Andika."

Alikulia kwenye kivuli cha Filbert Bayi, kama watoto wote wa kizazi chake. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, enzi ambazo Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, alitangulia mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakuna aliyempita hadi mwisho: 3:32.2, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akachukua na rekodi ya maili. Baba mkubwa anasema alipokuwa mtoto walikuwa wakikimbia kwenda shule na kila mmoja anataka kuwa Bayi, kwa hiyo wote walitangulia mbele na wote walikuwa hoi kabla ya kufika mtoni. Ni kichekesho chake cha siku zote. Hata siku ya baraza, tulipokuwa tunasubiri nje, aliwachekesha nacho watu wasiomfahamu.

Bayi alipoacha kukimbia alikuwa na mahali pa kwenda. Yeye na mkewe walijenga shule Dar es Salaam na Kibaha, akawa kiongozi wa Kamati ya Olimpiki kwa miaka mingi. Namtaja ili msomaji asinisingizie kwamba nasema kila mkimbiaji huishia vibaya. Lakini Bayi alikuwa Bayi. Nyuma ya kila Bayi kuna watu mia ambao siku waliyorudi nyumbani hawakupokewa na mtu na hawakuagwa na mtu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu jambo hili ndilo linaloua nyumba za watu na sisi tunaliita aibu ya mtu binafsi. Baba mkubwa hakustaafu. Mwalimu anastaafu kwa barua, askari kwa gwaride, hata mlinzi wa benki ana siku yake ya kukabidhi kirungu. Mkimbiaji wa barabarani anaachwa tu na simu. Wakala aliyekuwa akipiga kila Januari akapiga Machi, mwaka uliofuata hakupiga. Baba mkubwa akiwa na miaka 38 alituambia yuko kwenye mapumziko. Akiwa na 41 alijaribu kurudi, akauza ng'ombe wawili apate nauli na viatu, akaenda kukimbia nje ya nchi, akarudi baada ya wiki tatu na hakutaka kuulizwa. Sasa ana miaka 53. Mwezi wa sita nilimuuliza, "Baba, ulistaafu mwaka gani hasa?" Akanitazama kama nimemtukana. "Nani kakwambia nimestaafu?"

Kila siku saa kumi na moja kasoro alfajiri anaamka. Anakimbia kuelekea lango la Ngorongoro, ambapo lami inapanda kuufuata msitu na baridi inauma hata mwezi wa Januari. Zamani alifika langoni na kurudi. Siku hizi anafika pale goti linapotaka, anasimama, anaangalia magari ya watalii yakipandisha kuelekea kreta, anarudi akitembea. Majirani wanasema bado yuko imara. Mimi nimewahi kumsindikiza. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ngazi na hakuongea kwa dakika arobaini.

Mwili uliozoea kilomita 180 kwa wiki ukiachishwa ghafla hauendi likizo. Haulali. Unakula kama jana wakati kazi ya jana haipo. Na kichwa ni zaidi. Kwa miaka kumi na saba kulikuwa na mtu wa kumwambia aamke saa ngapi, ale nini, akimbie na nani, na kila baada ya miezi michache karatasi ilimwambia yeye ni wa ngapi. Alipofika nyumbani hakuna aliyekuwa na karatasi hiyo. Wenzake wa rika walikuwa wameshakuwa wazee wa kanisa, wenyeviti wa vitongoji, watu wa kuitwa kwenye msiba kupanga mambo. Yeye hakuwa ameshiriki misiba yao. Alikuwa akituma pesa. Walimpa jina la Bwana Ulaya. Kwa mtu wa kwetu hilo si jina la sifa. Maana yake ni mgeni.

Basi akaleta kambi nyumbani. Mama mkubwa alinisimulia haya akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Alibandika ratiba ukutani jikoni: kuamka, uji, kukamua, chakula cha mchana. Saa ya kocha, ile ya kuning'iniza shingoni, akaitumia kumpimia mfanyakazi muda wa kuchota maji. Siku moja alimwambia mkewe kwamba ugali umechelewa dakika sita. Mwanamke huyu alikuwa ameiendesha nyumba ile peke yake kwa miaka kumi na sita. Alisimamia ujenzi wake tofali kwa tofali kwa fedha zilizokuwa zikija kidogo kidogo, akalima ekari saba, akazaa watoto wanne, wawili kati yao baba yao akiwa nje ya nchi. Walikuwa wameishi ndoa ya simu. Kwa hesabu ya mama mkubwa, kabla ya mwaka 2010 hawakuwahi kukaa chini ya paa moja miezi mitano mfululizo. Ghafla nyumba ikawa na wakuu wawili, na mmoja hakuwa na kazi.

Nami nina la kukiri. Nimesoma sekondari kwa ada ya nyumba ile. Maisha yangu yote nimejitapa kwamba nilisomeshwa na miguu ya baba mkubwa. Hata kwenye barua ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nimeandika hivyo, tena kwa mbwembwe. Mama mkubwa alipoanza kunitajia hesabu zake, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye daftari la kurasa 96, ndipo nilipojua. Nilianza kidato cha kwanza mwaka 2012. Pesa ya Ulaya ilikuwa imeshakwisha. Mimi nilisomeshwa na mbaazi.

Mbaazi hizo hizo ndizo zilizofikisha mambo ukingoni. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka huku kwetu kiasi kwamba watu waliacha mazao shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Nyumba ikakosa pesa kwa mara ya kwanza. Na mtu ambaye alikuwa amezoea kuwa jibu la kila shida alikaa mezani bila jibu. Mwaka uliofuata aliuza ekari tatu bila kumwambia mkewe, akanunua gari kuukuu la kubebea watalii. Gari lilifanya safari chache, sasa liko juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Mama mkubwa alijua shamba limeuzwa siku alipokuta mtu mwingine analima. Usiku ule alipouliza, alipigwa.

Nimeandika "alipigwa", nikaifuta, nikaandika tena. Nampenda yule mzee. Alinibeba mabegani. Lakini alimpiga, na baada ya hapo tena mara mbili, na Karatu nzima ilijua na Karatu nzima ikasema ni stresi za kustaafu. Ajabu: kumbe neno kustaafu tunalo, ila tunalikumbuka siku ya kumtetea mtu tu.

*

Mara ya kwanza alipopigwa, mama mkubwa alinipigia simu. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa kwanza chuoni. Aliniuliza, "Wewe mwanangu unayesoma, unasemaje?" Nikamwambia: "Vumilia mama, atabadilika. Mvumilivu hula mbivu." Kisha nikamkumbusha, kwa aibu kubwa naandika hili, kwamba hata Akhwari alimaliza.

Kwa hiyo mzee wa baraza aliposema maneno yake mwezi Machi, mama mkubwa aligeuka akanitazama.

Kuna watakaosema kwamba mimi ni msomi wa mjini ninayetaka kuvunja ndoa za watu. Jibu langu ni kwamba ndoa hii haikuvunjwa na msomi, na haikuvunjwa na mwanamke aliyetoka kwenda kwa kaka yake Rhotia na begi moja. Wengine watasema mambo ya ndani yasitoke nje. Hayo nayajibu kwa majina mawili, maana tusidhani ni hadithi ya Karatu peke yake. Oktoba 2021 Agnes Tirop alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, Kenya, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi katika mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, miaka 33, alikufa hospitalini Eldoret baada ya mwanamume aliyekuwa mwenza wake kummwagia petroli na kumwasha moto. Wiki chache kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Ugomvi, ilielezwa, ulihusu ardhi aliyoinunua. Ardhi ya mkimbiaji! Hao walikuwa wenyewe ndio wenye miguu na wenye pesa, na bado haikuwaokoa. Mambo yao yalikuwa ya ndani hadi siku yalipotokea nje.

Na wanaume nao? Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Susio la nchi za Afrika mwaka 1976 na lile lililoongozwa na Marekani mwaka 1980 likamnyima Olimpiki zote mbili. Akazama kwenye pombe, akaishi Marekani akifanya vibarua, akawahi kukosa hata pa kulala. Alikufa Februari 2024. Samuel Wanjiru, bingwa wa Olimpiki Beijing akiwa na miaka 21, alikufa Mei 2011 nyumbani kwake Nyahururu baada ya kuanguka kutoka ghorofani, usiku wa ugomvi wa ndoa, na alivyokufa hasa kulibishaniwa kwa miaka. Hakufika hata umri wa kustaafu. Kila mmoja ana kisa chake na sitaki kuvikoroga kwenye chungu kimoja. Nauliza tu: hawa wote walikuwa na kocha wa mbio, wakala wa mbio, daktari wa goti. Nani alikuwa wa nyumba?

Sheria tunayo, tena ni ya zamani kuliko sisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali hizo. Mwaka 1983! Ni mwaka ule ule Akhwari alipotunukiwa nishani ya ushujaa na taifa. Nishani tunaikumbuka. Ile hukumu, nimewauliza wakimbiaji tisa wanaofanya mazoezi Karatu sasa hivi, wanaume sita na wanawake watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Wanajua mapigo ya moyo wao kwa dakika. Hawajui jina la nani liko kwenye hati ya kiwanja.

Ninachodai si kikubwa. Mkimbiaji afundishwe kuacha tangu anapoanza, kwenye kambi ile ile anayofundishwa kukimbia, na mwenzi wake akiwa amekaa kiti cha pembeni. Mwenye klabu anayechukua kijana wa miaka kumi na tisa amwekee akiba ya uzeeni kwenye mfuko wa hifadhi kila anapoleta zawadi, kama waajiri wengine wanavyofanya. Wale wa JWTZ, Polisi na Magereza angalau wana mshahara na pensheni. Hawa wa barabarani wana Mungu na wakala. Kiwanja kinachonunuliwa kwa miguu ya mmoja na jembe la mwingine kiandikwe majina mawili. Na siku ya kuacha iwepo. Tarehe. Mbio za Ngorongoro Marathon zinaanzia kule langoni na kuishia mjini Karatu kila mwaka. Je, itagharimu nini kumsimamisha mtu mmoja jukwaani na kutangaza kwamba leo fulani ameacha, tumpigie makofi, na huyu hapa mwenzake aliyebaki na nyumba, tumpigie na yeye? Nadhani baba mkubwa angelia. Nadhani pia angelala usiku ule.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, kwa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa picha. Baba mkubwa alitazama kwenye simu yangu na alipiga kelele hadi mbwa wakabweka. Simbu alikuwa na miaka 33. Kesho yake mitandao ilijaa picha za Akhwari wa bandeji akiwekwa pembeni ya Simbu, na maandishi juu ya kutokata tamaa. Nilimtakia Simbu heri kama kila mtu. Ila niliona pia vijana wenzangu, wenye digrii, tukirudia hubiri lile lile bila kufikiri, nikazima simu.

Baraza lilikaa tena mara ya pili Agosti, likashindwa kuwapatanisha, na likaahirisha uamuzi wa kutoa hati inayomruhusu mama mkubwa kwenda mahakamani. Wanakaa tena Alhamisi ijayo. Daftari lake la kurasa 96 nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa: magunia, mifuko ya saruji, ada, jina langu limo mara kumi na moja. Safari hii nitasema. Nimeshamwomba mwenyekiti nafasi, amesema atanipa dakika tano kama wazee hawatapinga.

Jana usiku baba mkubwa alinipigia. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama nadhani itafaa avae ile trakisuti. Nikamwambia hapana baba, vaa shati. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hana shati la maana, yale mazuri huwa anayanunua mama yenu.